Mteja Asiyechagua

"Hii hii," alisema Emmitt Slone, hata mkono hajautoa mfukoni.

Wilma Tackett ndiyo kwanza alikuwa ameilaza bastola juu ya kitambaa cha kijani, chuma cha juu kimevutwa nyuma ili kila mtu aone kwamba haina kitu ndani. Hakuwa ametaja bei. Hakuwa ametaja ilikotengenezwa. Miaka kumi na minne amesimama nyuma ya kabati lile la vioo, na hajapata kumsikia mwanamume wa bonde lile la migodi akisema "hii hii" bila kwanza kuishika bastola, kuikashifu, na kuitukana bei yake.

"Hujaigusa, Emmitt."

"Nimeiona. Si ndiyo ya bei rahisi?"

"Ni rahisi, ndiyo. Dola mia nne na kumi na tisa. Lakini..."

"Basi nifungie."

Jamani, watu wa kule hawanunui bastola hivyo! Mtu akija kutafuta ile ya kizamani, muundo wa mwaka 1911 waliokwenda nao vitani babu zao, huyo amekuja kukaa. Atakusimulia habari za mjomba aliyerudi nayo kutoka Ulaya kaificha ndani ya shati. Atavuta kifyatuo mara kumi na kusema kinakwaruza. Atagonga mpini kwa kucha na kuapa kwamba huo si wa mbao. Atauliza kama Waturuki wanaozitengeneza siku hizi wanajua chuma kweli, na Wafilipino je, kisha ataondoka kwenda kula chakula cha mchana, arudi Jumamosi na shemeji yake, na shemeji ataanza upya tangu mwanzo. Mara ngapi Wilma amewalaani mashemeji wale kimoyomoyo, miguu inamuuma! Leo angetoa mshahara wa wiki nzima ampate mmoja tu aingie pale mlangoni.

Alitupa jicho ukutani. Saa tano na dakika nane. Siku hizi alikuwa na ugonjwa huo wa kutazama saa, na alijua ulikotoka. Ulitoka kwa Coy Hensley. Mwezi wa kumi mwaka jana Coy aliingia Ijumaa, akanunua, akatoka, dakika kumi na moja kwa jumla, na Wilma akafurahi kwamba ameweza kwenda kula mapema. Jumapili wakampata Coy ndani ya banda lake. Majira ya kuchipua mjane wake aliileta bastola dukani ndani ya mfuko wa mkate, akauliza kwa adabu kama wanaweza kuinunua tena, kwa kuwa haina kazi nyumbani. Wilma aliisoma namba ya ubavuni na kuitambua. Mwandiko uliokuwa kwenye stakabadhi ni wake yeye. Tangu siku hiyo hakuweza kukaa kitini. Alifuta vioo visivyo na vumbi, akapanga maboksi ya risasi yaliyopangwa tayari, usiku akageuka kitandani mpaka mumewe akahamia kochi.

"Duchess hajambo?" aliuliza, akijifanya anatafuta ufunguo. Duchess alikuwa mbwa wa Emmitt wa kuwindia rakuni, wale wanyama wa usiku wenye mikia ya mistari. Kuna mtu aliwahi kumtolea dola elfu mbili na Emmitt akamcheka usoni.

"Nimempa Arlo wa jirani."

"Umempa? Umemwazima?"

"Nimempa, Wilma. Arlo ana uwanja mkubwa."

Wilma aliuona ufunguo na akauacha palepale ulipokuwa. Mtu wa bonde lile aweza kukupa gari lake, aweza kukupa hata mke ukimkuta amelewa vya kutosha, lakini mbwa wake wa rakuni hakupi.

"Na bunduki zako? Wewe una kabati zima la bunduki."

"Rhonda kazichukua. Baada ya mazishi ya mama yake. Anasema anazitunza." Alicheka kidogo kwa pua. "Binti zetu siku hizi ndio wazazi."

Kwa hiyo ndivyo. Binti amezitoa bunduki zote nyumbani kwa baba yake, na baba amekuja dukani asubuhi ya Jumanne, shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa, anataka ya bei rahisi, yoyote.

Haya, sasa ufanye nini? Kule mtu mzima haulizwi mambo ya moyoni mwake. Utamuuliza habari za gari, za mvua, za goti lake lililopondwa mgodini, na majibu ya goti ndiyo yatakayokwambia mengine. Wilma alilelewa hivyo, akaolewa hivyo, na alikuwa hajui njia nyingine. Alijua kuuza bastola, basi. Akaamua kuuza kwa uzembe wote aliokuwa nao mwilini.

"Siwezi kukufungia hiyo kabla hujaona wenzake," alisema. "Denzil atanifukuza."

Akatoa ya pili, fupi kidogo, ya risasi nyembamba, ambayo haipigi mkono teke sana. Akatoa ya tatu, ya Kifilipino, nyeusi tititi, vilengeo vidogo kama mbegu, sawasawa na za wanajeshi wa zamani. Akatoa ya nne iliyotumika, mpini wa mbao ya mjozi, ambayo bei yake ilimzidi Emmitt, na Wilma alijua inamzidi. Akaeleza kila moja. Akaeleza mambo asiyoulizwa. Akarudia aliyokwisha kueleza. Emmitt alisimama anatazama ukuta, mpole, kama mtu anayengoja kinyozi amalize kusema.

"Ishike basi! Usinichoshe bure."

Emmitt akaishika ile ya tatu ili amnyamazishe. Akaigeuza. Halafu kidole gumba chake kikasimama juu ya kilengeo cha mbele, kikarudi, kikapita tena polepole. Emmitt alikuwa fundi wa mashine mgodini miaka thelathini na moja, na mikono ile haikuwa imeambiwa kwamba imestaafu.

"Hiki kimekaa upande," alisema.

"Aa wapi! Imetoka kiwandani juzi."

"Nakwambia kimekaa upande. Lete tochi." Akainama, akafumba jicho moja. "Unywele mmoja, kushoto. Aliyekigonga alikuwa na usingizi. Ukipiga mbali utalaumu macho yako, kumbe ni hiki."

"Kinanyooka?"

"Kila kitu kinanyooka. Unakibana penye jiriwa, taya za shaba ili usikikwaruze, unagonga mara moja. Si mara mbili. Watu wanagonga mara mbili."

Huyu ndiye Emmitt anayemjua, yule aliyewahi kumtengenezea Wilma mashine ya kukaushia nguo kwa kisu cha mezani na matusi. Sauti ilikuwa imepanda, shingo imenyooka. Laiti angejua swali la kumuuliza tena! Alikazana kulitafuta, akasema, "Na ile ya pili je, kilengeo chake nacho kimekaa upande?" na akajua papo hapo kwamba amekosea, swali limekuwa la kumbembeleza mtoto. Emmitt aliiweka bastola chini. Uso ukajifunga.

"Haidhuru. Nipe ile ya kwanza. Na risasi."

"Zinakuja boksi la hamsini."

"Hakuna boksi dogo zaidi?"

Wilma alimpa fomu ya serikali na kalamu mbovu makusudi, akaenda kutafuta nzima, akachelewa. Emmitt alijaza ameinama. Maswali mengi yale: uliwahi kufungwa, unatumia bangi, mahakama iliwahi kukutangaza huna akili timamu. Hapana, hapana, hapana. Maswali yote yale, na hakuna hata moja lililotaka kujua kama mtu huyu analala, au anakula na nani jioni.

Alipeleka fomu kwenye kompyuta, akaingiza jina ili serikali imkague. Jibu lilirudi kabla hajavuta kiti: endelea na mauzo. Alilitazama neno lile. Akasema bila kugeuka:

"Mtandao umekatika. Itabidi urudi Alhamisi."

"Alhamisi?"

"Au Ijumaa. Serikali hii, wewe unaijua."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Denzil Ratliff, mwenye duka, kijana wa miaka arobaini aliyerithi mali kwa baba yake, nusu ya sandwichi mkononi.

"Umekatika wapi, mama Wilma? Mimi nimetoka kutazama mpira mtandaoni sasa hivi." Akainama juu ya bega lake, akasoma, akatabasamu kwa mteja. "Mambo yako safi, mzee Slone! Endelea, imeandikwa hapa. Mama huyu macho yamechoka. Nikuwekee na vifaa vya kusafishia? Bure, ukinunua leo."

"Sitavihitaji," alisema Emmitt.

"Kila bastola inataka kusafishwa, mzee."

"Nimesema sitavihitaji."

Alikwisha kutoa pochi. Noti za dola ishirini ishirini, mpya, zilikuwa juu ya kioo. Denzil alinyoosha mkono kuzichukua, na Wilma akaweka kiganja chake juu ya noti na juu ya vidole vya bosi wake pamoja, akabana.

"Emmitt," alisema. "Unataka kujiua?"

Loo! Wilma alisikia masikio yake yakiwaka moto kama msichana aliyesema neno chafu kanisani.

"Mama Wilma!" Denzil alinong'ona. "Umerukwa na akili? Huyu ni mteja!"

"Nakuuliza wewe, Emmitt. Denzil simuulizi."

Emmitt alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Wewe ni nani unaniuliza hivyo? Mchungaji? Nimekuja na pesa zangu. Sijamwibia mtu. Karatasi imesema endelea!"

"Karatasi haikujui. Mimi nakujua. Umempa Arlo mbwa wako."

"Mbwa ni wangu!"

"Ndiyo. Ni wako. Na umempa." Machozi yalimtoka Wilma na hakuyafuta, maana mkono ulikuwa na kazi. "Coy Hensley nilimuuzia mimi, Emmitt. Mimi mwenyewe. Nilimtakia siku njema. Sitakuuzia wewe. Piga kelele, nitukane, nenda kwa mwanasheria, lakini mkono huu sitautoa."

Walingoja matusi. Hayakuja. Emmitt akawa anatazama mkono ule uliobana noti zake kana kwamba ni mashine iliyoharibika asiyojua pa kuanzia. Kadiri alivyonyamaza ndivyo Denzil alivyopoteza rangi. Sandwichi aliiweka juu ya fomu ya serikali, mafuta yakaenea kwenye karatasi. Akazikusanya bastola zote nne, akazirudisha kabatini, akafunga. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili.

"Leo hatuuzi, mzee Slone," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani. Chukua pesa zako."

Emmitt alichukua pesa. Hakuzikunja, alizisukumia mfukoni tu, akatoka, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

"Kuna duka lingine," alisema Denzil. "Mjini. Nusu saa tu kwa gari."

"Najua."

Wilma alikwisha kuvua aproni. Alitoka mbio bila koti, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye magoti mabovu, akafungua mlango wa abiria wa pikapu ya Emmitt, akapanda na kujifunga mkanda.

"Shuka, Wilma."

"Sishuki."

"Nimesema shuka! Nakwenda."

"Twende."

Emmitt aliwasha gari kwa hasira, akapapasa gia, mkono ukagonga kijiti kingine kwenye usukani, na wipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Hakuiweka gia. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika, hakuna sauti.

Simu yake ilikuwa juu ya dashibodi. Wilma aliichukua bila kuomba ruhusa, akatafuta jina la Rhonda, akapiga. Ililia mara tano. Alifikiri: hatapokea, yuko kazini, ni Jumanne.

"Baba?" Sauti ilikuwa ya haraka, ya mtu aliyekuwa akikimbia. "Baba, mbona unapiga saa hizi? Uko wapi?"

Wilma alimpa simu. Emmitt aliitazama, akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni taratibu.

"Baba? Baba, nijibu. Uko wapi?"

Emmitt alitazama mbele, kwenye ukuta wa duka. Binti yake hakukata simu.

"Niko," alisema. "Niko na Wilma Tackett."

Wipa ziliendelea kukwaruza kioo kikavu, huku na huku, na hakuna aliyenyoosha mkono kuzizima.