Cheti cha Kufika Kileleni

Vestina alikuwa akipiga deki ngazi za ofisi pale Kasulu, Pasikali alipofika akitokea Kitanga kwa miguu tangu alfajiri.

"Mwakeye, dada. Samahani, nitakuchafulia."

"Pita tu, kaka. Maji yapo, nitarudia."

Akaweka ndoo chini, akamshika kiwiko kwa mkono uliolowa. Walipanda ngazi kumi na nane, maana ofisi ya watu wenye ulemavu iko ghorofani. Pasikali hana vidole mguu wa kulia. Wa kushoto vimebaki viwili. Mbele ya viatu amejaza matambara.

Fomu yake ilitaka sahihi moja tu. Mafundi wa viatu maalumu walikuwa hospitali ya misheni mpaka siku hiyo saa tisa. Bila sahihi hawampimi.

Bwana Godson, afisa, aliisoma, akacheka.

"Vidole vimeliwa na baridi ya Kilimanjaro? Mimi nimezaliwa Marangu, bwana! Ule mlima hata vikongwe vya Kizungu vinapanda." Akatoa simu. "Ngoja nikusomee milima mirefu ya mabara. Everest, Asia: watu wanavuta hewa ya mtungi. Denali, Amerika Kaskazini: barafu, na mzigo unaburuta mwenyewe. Vinson, Antaktika: kuufikia tu ni kazi. Aconcagua, Amerika Kusini: upepo unang'oa mahema. Elbrus, Ulaya: ukungu unapoteza watu. Haya, Kilimanjaro, Afrika: hauhitaji kamba, ni wa kutembea. Umeona? Ungesema Denali ningekuelewa."

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Kila mmoja wao alikuwa anasubiri sahihi yake.

"Aliyeandika hapo," Pasikali aliuliza taratibu, "alibeba kilo ngapi?"

"Unasemaje?"

"Mimi nilibeba meza ya wageni, viti vyao na choo chao. Mvua ikatunyeshea, halafu theluji. Nilivaa raba za mtumba."

"Cheti cha kufika kileleni unacho?"

"Mpagazi hafiki kileleni, mkubwa. Tunabaki kambini na mizigo. Vyeti wanapewa wageni."

"Kumbe hata hukuupanda!" Akaisukuma fomu pembeni. "Nenda zako."

Pasikali alisimama kidogo mlangoni, huenda akaitwa. Hakuitwa. Vestina akaacha dekio, akamshika tena, wakashuka ngazi mojamoja. Godson alitoka na fomu, akaegemea ukuta akiwatazama mpaka wakafika chini. Kisha akaandika, huku akisoma kwa sauti benchi lote lisikie:

"Anapanda na kushuka ngazi bila msaada. Ombi limekataliwa."

Vestina alikuwa kibarua, na kibarua chake kilikuwa mkononi mwa huyohuyo. Akainua uso.

"Si bila msaada. Nimemshika mimi. Andika hivyo."

"Na wewe kesho usije."

Mhuri ukalia huko juu. Vestina hakuachia kile kiwiko mpaka walipotoka getini.