Bega la Kushoto

Wafu wa wenzangu huja ndotoni, wakasema neno la busara, wakaondoka. Wa kwangu hakunipa heshima hiyo. Alikuja kwenye bega la kushoto la kila nguo niliyoshona, mchana kweupe, redio ikiimba na pasi ikiwa moto.

Nianze na Dada, maana bila yeye sina la kusimulia. Alinizidi miaka mitano. Yeye ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa mpiga pasi wake, mtia vifungo, mkunja pindo. Wateja walipopanda kwenye chumba chetu cha ushonaji, juu ya duka la rangi, walinipita kama wanavyopita kiti. "Dada yupo?" Salamu sikupata. Nilikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wawili, cheo kisicho na kazi nyingine ila kutumwa.

Bega lake la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa kidole kimoja na nusu, na sababu ni mimi. Nikiwa na miaka minne nilishuka ngazi za nyumbani mbio, nikakosa kidato, na yeye aliyekuwa chini akajitupa kunidaka. Alinidaka kweli. Mtulinga wake, ule mfupa wa mbele ya bega, ukavunjika, ukaunga vibaya. Mimi sikupata hata mchubuko. Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajatoka, Mama alimsimamisha mlangoni, akapitisha kiganja chini ya kwapa lake la kushoto, akamwinua. "Bega, mwanangu." Aliendelea kumwinua hivyo hata Dada alipokuwa mwanamke mzima mwenye wateja wake na madaha yake.

Dada hakupenda sanamu la kupimia nguo. Alijipima mwenyewe mbele ya kioo, futi shingoni, kisha akahamishia vipimo kwenye karatasi za kaki, zile ambazo sisi mafundi tunaziita paterni. Kwa hiyo kila paterni yake ilikuwa na bega lake. Wakati wa kukata, aliipandisha chaki kidogo upande wa kushoto, kwa jicho tu, bila kuandika popote, na nguo ikamkaa mteja sawasawa. Mimi hilo sikulijua. Nilikuwa nimeinamia pasi.

Miaka mitatu iliyopita alifariki kwa homa ya wiki moja. Wiki moja! Watu huugua mafua kwa muda mrefu kuliko huo. Nyuma yake ilibaki cherehani, mkasi, na bahasha nene yenye paterni kumi na tisa ambazo hakuwahi kumshonea mtu. Mama hakupanda tena zile ngazi za juu ya duka la rangi. Alisema magoti yanamsumbua, nami nikajitia kuamini.

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mama mmoja wa benki. Nikachomoa paterni moja, nikakata kwa kufuata mstari kama mwanafunzi mtiifu. Alipolivaa gauni, bega la kushoto likateleza. Nikamsogelea na pini mdomoni ili nilinyanyue.

"Fundi, usiguse," alisema, akijigeuza mbele ya kioo. "Hii sijaiona popote. Mshono wa nani huu?"

Ulimi hauna mfupa. "Mshono ni wangu," nikajibu.

Tazama lugha yetu inavyowahurumia waongo. Mshono ni kazi ya sindano na uzi, na mshono ni mtindo wenyewe. Nilishona kwa mikono yangu, kwa hiyo mshono ni wangu, nani angenibishia? Nilijificha ndani ya neno hilo, nikafunga mlango.

Bega likapata sifa. Mafundi wakubwa waliliponda kwanza, kisha wakaliiga, jambo ambalo kwao ndiyo njia ya kupongeza. Hatimaye wakanijia watu wa jarida la mitindo, lile lenye karatasi nzito. Mhariri wake alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Walikuwa wakiandaa toleo maalumu waliloliita ASILIA, na jaladani walitaka gauni la mbunifu mmoja tu, asiyeiga mtu.

"Wazo la hili bega ulilipata wapi?" aliniuliza.

"Ndotoni," nikasema. Akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliona haya hadi masikio yakawasha, lakini sikulirudisha neno.

Wiki hiyohiyo Mama alinipigia simu. "Kitinda, nasikia unatoka kwenye jarida."

"Shikamoo, Mama. Ndiyo, mwezi ujao."

"Marahaba. Uniletee mwenyewe. Nataka nione unachoshona siku hizi."

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Mama hakuwa ameona hata gauni langu moja. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa herufi ndogo, lakini bega lile alilishika kwa kiganja chake karibu miaka thelathini. Angelitambua kwa kulitazama mara moja. Angejua kwamba nimechukua cha marehemu nikakiita changu, na marehemu mwenyewe aliumia kwa ajili yangu. Sikuogopa kitu kingine chochote duniani kama sura yake wakati huo.

Nikapiga moyo konde. Nilijiambia nitachora paterni yangu mwenyewe, kuanzia karatasi tupu, na gauni hilo ndilo litakalopigwa picha. Niliifunga bahasha ya Dada kwa uzi, nikaiweka juu ya kabati. Nikasimama mbele ya kioo chake, futi shingoni, nikajipima. Nikachora. Nikapima mara mbili, nikakata mara moja, kama tulivyofundishwa. Nikashona siku nzima bila kuinua kichwa.

Nilipolivika sanamu, bega la kushoto lilishuka kidole kimoja na nusu.

Nikasema ni uchovu. Nikashona jingine. Likashuka. Nikabadilisha kitambaa, nikabadilisha sanamu, nikabadilisha hata upande wa kukaa. Likashuka. Nilimwita fundi seremala wa jirani aje na pimamaji yake, kile kifaa chenye povu kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa.

Alikiweka juu ya meza ya kukatia. Povu likatulia katikati. Akakiweka sakafuni, kisha juu ya mabega ya sanamu. Katikati.

"Fundi mwenzangu," akasema, "humu ndani kila kitu kiko sawa. Labda wewe."

Alicheka, na mimi nikacheka ili aondoke. Alipotoka nilikaa kwenye kiti cha kupigia pasi, kile changu cha zamani, nikalitazama gauni. Lilikuwa limesimama pale dirishani kama Dada alivyokuwa akisimama, uzito mguu mmoja, akisubiri nimalize pindo. Sikuona mzuka. Ningefurahi kuona mzuka, ningemwomba radhi. Kilichokuwepo ni kitambaa tu, na kitambaa hakijibu.

"Unataka nini?" nikauliza hata hivyo. Redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo.

Siku zilikuwa zimekwisha, nikawapelekea watu wa jarida gauni hilohilo. Wakalipiga picha. Siku ya mwisho kabla ya jarida kwenda mtamboni, Mhariri akaniita nikaone jalada la majaribio. Kurasa zilipaswa kutumwa saa kumi; mimi nilifika saa nane.

Msanifu wa kurasa walimwita Rula. Alikuwa mwanaume mnene, mpole, ambaye hakuweza kupita mezani bila kunyoosha kalamu za wenzake. Alinigeuzia kioo cha kompyuta kwa fahari.

"Tumekupamba, dada yangu."

Juu kabisa waliandika ASILIA. Chini yake: *Hakuna aliyewahi kushona hivi.* Pembeni kulikuwa na majina kwa herufi ndogo: picha, fulani, vipodozi, fulani, mshono, mimi. Na katikati alisimama mwanamitindo na gauni langu, mabega yake yote mawili yakiwa sawa, yamenyooka kama rafu.

"Bega liko wapi?" nikauliza.

"Lilikuwa limeshuka," Rula alisema. "Nilidhani mpiga picha kaishika kamera upande. Usijali, nimelinyoosha. Dakika mbili tu."

Nilipaswa kumshukuru. Nafuu ilinijia, sitaficha, ikanijaa kifuani. Mama angeletewa picha hii. Angetazama, angeona gauni zuri la kitinda wake, angewaonyesha majirani. Hakuna ambaye angejua kitu, milele. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nimekuzoea.

Lakini sikuweza kuondoa macho pale begani. Rula alikuwa fundi hodari. Hakuacha hata kovu. Pale alipokuwa Dada palikuwa na hariri laini, na mtu yeyote angeapa kwamba hapajawahi kuwa na mtu. Tulimzika mara moja nikavumilia. Mara hii nilikuwa nimesimama nikimtazama anavyofutwa, na jina langu limeandikwa pembeni. Uchungu ulionipata sikuupata hata makaburini.

"Lirudishe," nikasema.

"Lakini linaonekana kama kosa."

"Ni kosa. Lirudishe. Na hapo penye mshono, toa jina langu. Andika la dada yangu."

Rula akamwita Mhariri. Mhariri akaja, akasikiliza kila kitu nikiwa nimesimama: karatasi za kaki, bahasha, ngazi, mtulinga. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia. Alipoelewa, akavua miwani.

"Kwa hiyo ile ndoto?"

"Hapakuwa na ndoto."

"Na kama mshono ni wa marehemu, wewe umefanya nini?"

"Nimeshona."

Alitazama saa. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. "Toleo hili ni la watu wasioiga," alisema taratibu. "Jaladani siwezi kukuweka tena. Rula, mtafute yule mbunifu wa pili. Hii ishushe ndani, picha ndogo."

"Na bega?" Rula akauliza.

"Liache lilivyokuwa."

Jarida lilipotoka, gauni lilikuwa ukurasa wa hamsini na nane, ukubwa wa kiganja, chini ya tangazo la sabuni. Wateja walianza kupungua kabla sijamaliza kununua nakala yangu. Uzushi una miguu, ukweli wenye aibu una mabawa. Nikabeba jarida nikaenda kwa Mama.

Nilimkuta ameketi karibu na dirisha. Nikamwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono. Nikalifungua kwenye ukurasa wenyewe, nikalikunja ili lile tangazo la sabuni lisimsumbue. Akalisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake, mkono umenyooka.

Nilisikia bomba la jirani likidondosha maji.

"Mshono wa nani?" aliuliza.

"Wa Dada."

"Hilo naliona. Nauliza nani kashona."

"Mimi, Mama." Kisha nikamwaga yote, bahasha na miaka yangu ya kusema wangu, wangu. Nililia kama nilivyopaswa kulia miaka mitatu nyuma. "Hata nikichora mwenyewe, Mama, linashuka. Nimepima kila kitu. Meza iko sawa, sanamu liko sawa. Sijui anataka nini kwangu."

Mama aliweka jarida mapajani. Akanitazama, si usoni, bali kote, kama wateja wanavyotazama nguo iliyotundikwa.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Akainuka kwa shida, akashika ukuta, akanisogelea. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea. Akapitisha kiganja chini ya kwapa langu la kushoto, akaninyanyua kidole kimoja na nusu.

"Bega, mwanangu."

Na mimi, ambaye mtulinga wangu haujawahi kuvunjika, nikasimama wima.