Paa Lile

Niliirudisha kaseti nyuma mara ya saba, nikainamisha sikio hadi likagusa kinasa sauti. Mshona viatu, aliyekuwa kaburini miaka mingi, akakohoa na kusema tena, bila haraka: "Paa lile, mwalimu, tulilipandisha mtaa mzima."

Mbele yangu palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Shangazi. Sentensi ilikuwa ile ile, ila neno "lile" lilikatwa kwa wino mwekundu na juu yake pakaandikwa "yule". "Tulilipandisha" nalo likageuzwa kuwa "tulimpandisha". Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na Jumatatu mafundi walikuwa waje kuiezua nyumba aliyokuwa akiisimulia mzee huyo.

Shangazi, dada yake baba, alifundisha Kiswahili hadi akastaafu, na muda wote uliobaki aliyapa majengo ya zamani. Mtaani walimwita Mama Magofu. Walisema hakuolewa kwa sababu hakutokea mchumba mwenye nyufa za kutosha, na utani huo yeye mwenyewe ndiye aliyeusambaza. Alitembea na wembe mkobani wa kukwangulia rangi kutani. Angekwangua mahali padogo kama ukucha, akahesabu: kijani, maziwa, samawati, chokaa. Kisha angekuambia jengo lilikuwa shule kabla halijawa ghala, na akienda kwenye makaratasi alikuta ni kweli. Mimi wakati huo sikuwa na kazi. Aliniambia kukaa bure kunaotesha kutu, akanikabidhi boksi la kaseti nizichape kwenye kompyuta.

Jengo alilolipenda kuliko yote lilikuwa pembeni mwa soko, likiitwa Nyumba ya Paa tangu enzi ambazo watu hawazikumbuki. Kwa nini liliitwa hivyo, hakuna aliyejua, mpaka Shangazi, akiwa mwalimu kijana, alipomrekodi yule mshona viatu. Akaandika kijitabu. Ukurasa wa kumi na moja ulisimulia wawindaji waliorudi na paa dume, na jinsi mtaa mzima ulivyompandisha juu ya mlango. Ushahidi ulikuwa matundu mawili ukutani, ambamo, aliandika, pembe zilichomekwa. Watu waliipenda hadithi hiyo. Timu ya mpira ikashona paa kwenye jezi, kinyozi akamchora dirishani, na watoto wa shule wakaletwa kila mwaka kuyatazama matundu.

Kwa hiyo mwenye nyumba alipotaka kubomoa, walielewana yeye, Shangazi na Kamati ya Majengo. Mlango na ukuta wa mbele, wenye matundu, vingebaki. Mabati na mbao za juu zingeng'olewa ili ziongezwe ghorofa mbili. Shangazi alisaini mwenyewe. Alisema mabati yenye kutu hayana la kumwambia mtu.

Nilimkuta jikoni akimenya vitunguu. Sikujua pa kuanzia, nikamwekea kaseti mezani na kubonyeza. Mshona viatu alisema sentensi yake, nami nikazima upesi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusikia kilichofuata na sikutaka akisikie.

Alinawa mikono, akaifuta kidole kwa kidole, kisha akaomba karatasi. Aliutazama wino wake kwa muda mrefu.

"Alikuwa akisema 'viatu yangu'," akaniambia. "'Kiti ile.' Kiswahili alijifunza ukubwani. Nikaona nimsafishie maneno kabla ya kuyachapisha."

"Hapo hakukosea, Shangazi."

"Hapo hakukosea," akakubali, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Lakini huruma haikudumu, maana macho yake yalikuwa yameanza kuwaka. Nilimjua. Ndivyo alivyokuwa akishika wembe. Aliuliza ngazi iko wapi, tukaibeba hadi Nyumba ya Paa.

Alikuwa na miaka sabini na miwili, na alipanda mbele yangu. Tulipenya kwenye kitundu cha dari, tukapiga magoti juu ya vumbi, na mimi nikamulika tochi. Nilitegemea kuona kenchi za kawaida, mbao za kubebea mabati. Mbao zile hazikufanana hata mbili. Moja ilikuwa na mashimo ya kuwekea vichupa vya wino: dawati la shule. Nyingine ilikuwa mguu wa kitanda, umechongwa mapambo ambayo hakuna fundi angeyapoteza darini. Kulikuwa na kizingiti cha mlango chenye bawaba bado, na ubao wa duka wenye nusu ya neno "karibu". Shangazi alitambaa kutoka ubao hadi ubao akizigusa, akinong'ona kama mtu anayesoma barua.

Upepo ulioezua nusu ya mtaa aliuandika mwenyewe, ukurasa wa tisa. Kwamba nyumba ile aliishi mkunga, na wanawake walijifungulia chumba cha nyuma, aliandika ukurasa wa saba. Alikuwa navyo vyote mkononi, ila havikuwahi kukutana: upepo uling'oa paa la mkunga, na kila nyumba ikatoa ubao.

Pembeni kabisa, penye ubao mfupi kuliko wote, aliniomba mwanga. Ubao ule haukupigwa misumari ya seremala. Ulishikwa kwa misumari midogo sana, mingi, imepangwa karibu karibu kwa mstari uliopinda. Ilikuwa misumari ya soli za viatu.

"Ni yeye," akasema, akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri.

Kesho yake alisimama mbele ya Kamati ya Majengo, akaomba saini yake ifutwe. Mwenye nyumba alicheka. Alisema jana ilikuwa mnyama, leo mabati, kesho itakuwa popo. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na aliuliza kwa adabu, macho mezani, kama basi kijitabu kile, ambacho hata yeye alikisoma shuleni, ni cha uongo.

"Ukurasa wa kumi na moja ni wa uongo," Shangazi akajibu. "Niliutunga bila kujua kuwa natunga. Mwenye kosa ni mimi, baba. Nyumba msiiadhibu. Nendeni mkaione kwa juu."

Walikwenda, kwa shingo upande. Mwenyekiti alipanda na suti yake. Nilimwona akitumbukiza kidole kwenye shimo la wino la dawati lile na kukiacha humo, akiwa amesahau kwamba tunamtazama. Jumatatu mafundi hawakuja. Baada ya miezi ya kuvutana, mwenye nyumba alijenga ghorofa zake uani, na paa likabaki.

Timu ya mpira ilikataa katakata kubadilisha jezi. Shangazi alizunguka nyumba hadi nyumba na kalamu nyekundu, akiomba vijitabu, akikata ukurasa wa kumi na moja kwa mkono wake. Wengine walimfungulia mlango wakicheka. Aliingia hivyo hivyo.

Nilidhani amesahau kwamba niliizima kaseti. Jioni moja, tumemaliza kula, aliniambia niiwashe na nisiiguse.

Mshona viatu alikohoa. "Paa lile, mwalimu, tulilipandisha mtaa mzima."

Kisha ikaja sauti ya msichana, kali, yenye haraka, ambayo ilinichukua muda kuitambua siku ile ya kwanza. "Paa yule, mzee. Tulimpandisha."

Kiti kikatoa mlio. Unaweza kumsikia akifikiri, mzee wa watu, kama abishane.

"Haya, mwalimu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Kaseti ikaendelea kuzunguka bila neno. Niliunyoosha mkono nizime, Shangazi akaushika. Aliinama kwenye kinasa sauti, karibu kabisa, kama anayezungumza na mtu asiyesikia vizuri.

"Lile, mzee," akasema. "Lile."