Kipimo cha Ng'ombe wa Kienyeji

Xavery alijenga banda kabla ng'ombe hajafika, maana kikundi chao cha wafugaji pale Endasak hakimkabidhi mtu ng'ombe wa kisasa mpaka banda liwe tayari. Akatenga vyumba viwili vya mbao, kila kimoja cha kulala ng'ombe mmoja, chini akamwaga maranda. Na vipimo alivitoa wapi? Alisubiri ng'ombe wake wa kienyeji alale, akampima kwa kamba toka pua hadi mkia, akaridhika. Watu wakaja kutazama, wakasifu, na Xavery si mtu wa kukataa sifa.

Kisha akaletwa Sista, chotara mrefu mwenye maziwa. Watoto wakaanza kunywa chai ya maziwa kila asubuhi. Lakini jamani, Sista akiingia chumbani, paji linagonga ubao wa mbele huku miguu ya nyuma bado iko nje. Anasimama kutwa nzima. Akichoka sana anarudi nyuma, analala kwenye saruji na mavi, kiwele kinaloa.

Siku ya pili tu, Letisia alimwambia mumewe.

"Baba Eva, chumba ni kifupi. Toa huo ubao."

"Atazoea. Hata wewe ulipokuja hapa ulisema nyumba ni ndogo."

Akacheka peke yake.

Siku ya tano maziwa yakatoka na mabonge, chuchu moja ikawa ya moto. Xavery akasema wasimwambie mtu. Sheria ya kikundi ilikuwa wazi: ng'ombe akiugua, toa taarifa siku hiyo hiyo; ukificha, anahamia kwa familia inayofuata. Letisia akanyamaza, akawa anakanda kiwele kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akimwomba Mungu. Alijua anakosea, na aliendelea kukosea.

Siku ya tisa Xavery alikwenda mnadani Katesh. Letisia akachukua msumeno, akaukata ule ubao. Potelea mbali! Sista akaingia, akanusa, akakunja magoti, akalala mwili mzima ndani. Letisia akakaa juu ya ndoo akalia. Halafu akampigia simu Vicent, bwana mifugo.

Vicent alifika na pikipiki, amempakia mzee Nicodemo, mwenyekiti wa kikundi. Xavery naye akawa anaingia kutoka mnadani.

"Shikamoo, mzee," Letisia alisema.

"Marahaba."

Vicent akapapasa kiwele, akakunja uso. "Ameanza lini? Msinidanganye. Kama ni leo, dawa yake ninayo hii. Kama ni siku nyingi, dawa ni nyingine, na nikikosea zinakufa chuchu zote nne."

"Leo asubuhi," Xavery aliwahi kujibu, akamkazia mkewe macho.

Letisia aliwaza watoto na chai yao. Vicent alikuwa ameshafungua chupa.

"Siku nne zimepita," Letisia akasema. "Tulificha, mzee."

"Mama Eva!"

"Tulificha. Na chumba kilikuwa kifupi toka siku ya kwanza."

Vicent akarudisha ile chupa mkobani, akatoa nyingine. Akachoma sindano.

"Sheria mnaijua," alisema mzee Nicodemo. "Anakwenda kwa Judica, hapo juu, ndiye anayefuata. Dozi atamalizia huko."

Xavery akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Mzee akamfunga Sista kamba, akavuta. Sista hakuamka. Alikuwa anacheua, macho nusu yamefumba, siku yake ya kwanza kulala pakavu. Mzee akavuta tena, kisha akamtazama Letisia.

Ikabidi Letisia aingie mwenyewe, ampigepige mgongoni.

"Amka, mama," alisema. "Amka uende."