Asali Nyeusi ya Bibi Kuhnert

Volkmar Pabst nimemjua tangu alipokuwa akifuta makamasi kwa mkono wa sweta. Miaka yote tumeitana Traudel na Volkmar, harusini na msibani. Kwa hiyo aliposimama mlangoni pangu, kofia mkononi, nikasikia ananiita Bibi Kuhnert, nikajua kuna jambo.

"Bibi Kuhnert, chama cha wafuga nyuki kimepima asali yako. Imetiwa shira ya dukani. Mwaka huu haitakaa kwenye meza yetu ya soko la Krismasi."

"Shira? We Volkmar, umelewa asubuhi hii?"

"Mashine haidanganyi."

"Ila mimi ndiye nadanganya!"

Akavaa kofia yake. Nikafunga mlango polepole, maana kioo chake ni cha zamani. Upole wangu wa siku hiyo uliishia hapo.

Asali yangu ya msituni ni nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Nyuki wangu hulamba utamu unaoachwa na vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, kwenye misonobari, huko milimani juu ya mji wetu wa Jena. Nimeikamua kwa mikono hii. Leo niitwe mwizi, na majirani wote wamekwisha kusikia!

Mjukuu wangu Jördis anafanya kazi kwenye maabara ya leza, ile miale mikali ya mwanga, hapa mjini. Nikampelekea chupa, na Volkmar nikamtaka aje ajionee. Alikuja amefunga tai.

Mlangoni tulivua saa na pete, kwa sababu mwali wa leza ukigonga kitu king'aavyo hurukia jicho la mtu. Pete ya marehemu mume wangu ilitoka kwa sabuni. Tukavaa miwani mizito.

"Bibi," Jördis akasema, "mashine ya chama inamulika mfululizo. Asali nyeusi ikimulikwa hivyo inawaka yenyewe kama taa, na mng'ao wake unafunika kila kitu. Leza hii inapiga mapigo mafupi mno. Molekuli, zile chembe za asali, zinajibu papo hapo, kabla asali haijaanza kuwaka. Tunalipokea jibu, kisha tunafunga mlango wa mashine kabla mng'ao haujaingia."

Akapima asali yangu. Akapima nyingine aliyoitia shira mwenyewe. Kwenye skrini ikatokea mistari miwili yenye vilima vidogo vidogo. Vilima vya shira vilikuwa kwenye mstari wa asali yake tu.

"Basi mashine yetu ilisema nini?" Volkmar akauliza.

"Ilisema haioni, Bwana Pabst. Nyinyi mkasoma 'imechanganywa'."

Hapo ndipo nilipowaka mimi. "Upofu wenu mkauita wizi wangu! Nakaa mtaa wa pili tu, ulishindwa nini kuja kuniuliza?"

"Traudel, nisamehe."

"Traudel ndiye nani? Nenda kaseme sokoni, mbele ya majirani wale wale, kwa sauti ile ile."

Alisema, lazima nikiri, tena kwa sauti kubwa, kando ya banda la soseji, mpaka muuzaji akaacha kugeuza nyama. Kisha akaninyanyulia sanduku langu la chupa hadi mezani.

"Sasa tuitane kama zamani?"

Kwetu mkubwa kwa umri ndiye anayemruhusu mdogo amwite kwa jina, na mimi ndiye mkubwa.

"Chupa zielekee mbele, Bwana Pabst," nikamwambia. "Jina lisomeke. Hilo lingine nitakuambia nikiwa tayari."