Nyumba Iliyotangulia Kambini

Kwenye kambi ya magari-nyumba chini ya majabali mekundu ya Utah, Marekani, Merrill alikuwa akirudisha gari-nyumba lao kinyumenyume kuingia kwenye nafasi waliyopewa. Mkewe Arvella alisimama nyuma akimwongoza kwa mikono, kama wafanyavyo wake wengi katika safari hizo. Mume hutazama kioo. Mke humwita au humsimamisha.

Nyumba ya marehemu mama yake Arvella ilikuwa imeshafika. Ilisimama nyuma ya nafasi yao, ya kijani, na baraza lake la mbao, ingawa mahali pake ni Idaho, jimbo jingine.

Arvella aliita: njoo, njoo. Gari likagonga baraza, ngazi ya nyuma ikapinda.

"Bwana wee, nyumba nzima hukuiona?" jirani aliuliza, akigeuza soseji zake.

"Mimi naangalia mikono ya mke wangu," Merrill akajibu, akashuka. "Arvella, mbona hukunisimamisha?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Merrill akainama kuitazama ngazi. Yeye ndiye aliyeiuza nyumba ile, Arvella akiwa hospitalini akiwekewa nyonga mpya. Mkewe alimwachia ruhusa ya kutia saini kwa niaba yake, alipie umeme na maji tu. Aliporudi akitembelea fimbo, alikuta gari-nyumba uani, limenunuliwa kwa fedha za nyumba, limefungwa utepe mwekundu kama zawadi. Na yeye alikuwa amepanga kuzeekea kwa mama yake.

Tangu waingie nchi ya makorongo, nyumba iliwatangulia kila kambi. Kila jioni, kabla ya kula, Arvella aliinamisha kichwa akamwomba Mungu ampe moyo wa kusamehe, ila asiuharakishe.

Kambi ya mwisho ilikuwa ukingoni kabisa. Nyumba ilisimama hewani, juu ya korongo, baraza likigusana na ardhi. Arvella alipanda barazani, akainua mikono. Njoo, njoo. Magurudumu ya nyuma ya gari yakapanda mbao, kisha ya mbele. Baraza lilijinyoosha kidogo, likalipokea gari lote.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mwanamke mwenye kikombe cha kahawa.

"Samahani dada, nyumba hii tumeinunua sisi."

"Najua."

"Basi shuka barazani kwetu, tafadhali. Tunaondoka."

"Na gari?"

"Liache, halina shida."

Arvella akashuka. Nyumba ikajitenga na ukingo taratibu, ikaelekea katikati ya korongo. Merrill, macho yake kwenye kioo, alitoa kichwa dirishani.

"Mke wangu! Bado kuna nafasi?"

Ishara ya kusimamisha ni ngumi mbili juu. Arvella alitia mikono mifukoni.

"Ipo tele!" akapaza sauti. "Wewe rudi tu!"

Yule mwanamke aliingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta pazia jipya katika chumba cha marehemu mama, na nyumba ikaenda zake, Merrill na gari wakiwa barazani. Watu wa kambini wakamletea Arvella kiti na sahani ya nyama. Akala, akashiba. Nyumba haikuwa yake ilipokuja, wala haikuwa yake ilipokwenda.