Sekunde Kumi na Tisa

"Huyu mama anaongea vizuri," alisema mama yangu, pini mbili zikiwa zimebanwa pembeni mwa mdomo wake. "Ni nani?"

Mtafiti akainua macho kutoka kwenye karatasi aliyokuwa akimsomea. Akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. Mimi nikaitazama feni ya darini, iliyokufa tangu mwaka juzi, kwa makini ya fundi aliyeitwa kuifufua.

"Ni wewe, mama. Haya ni maneno yako."

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba hata magoti hutoka jasho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti cha kumfariji mzazi, si cha kumpeleka mtu mbali. Nikaangukia kwenye duka la kuchapa na kunakili, hatua chache kutoka lango la chuo kikuu, nikawa nachapa busara za watu wengine kutwa nzima. Mama akanibandika jina la Kasuku. Huko ndiko Mtafiti alikoniokota. Alikuwa anaandika tasnifu juu ya watu waliohama: jinsi wanavyoyasimulia maisha yao kwa lugha waliyoikuta ukubwani. Yeye alikuwa anawahoji na kuwarekodi. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuandika.

"Neno kwa neno," alinionya siku ya kwanza. "Mtu akikohoa, andika amekohoa."

"Akipiga chafya, dada?"

"Andika."

"Nimtakie na afya kwenye mabano?"

Alicheka, nami nikadhani tumeelewana.

Alipotafuta mtu aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni, nikampeleka nyumbani kwetu, chumba cha mbele chenye cherehani na rundo la sare za shule. Mtoto wa mgongoni nilikuwa mimi, lakini safari nzima nilikuwa nimelala, kwa hiyo mimi shahidi sifai.

Sasa niseme lile ambalo utani wangu wote ulikuwa umelikalia. Mama aliizungumza lugha ya hapa kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima: hatua fupi, macho chini. Wateja walimcheka, tena bila ubaya, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Nilipokuwa shule ya msingi nilizificha barua za mkutano wa wazazi ili asije akafungua mdomo mbele ya wenzangu. Basi nilipovaa spika za masikioni nikasikia Mtafiti akimwuliza, "Mama, nyumbani kwako ni wapi?", halafu nikasikia mama akinyamaza, nikaona haya upya, nikaruka mbele. Alipofungua kinywa alisema tu: "Hivi vifungo havitatosha."

Vifungo! Mtu ameulizwa swali la chuo kikuu, anajibu vifungo.

Nikafuta. Mahali pake nikaandika: *Nyumbani si mahali. Nyumbani ni sindano. Popote inapopita huacha uzi.* Nikajiegemeza kwenye kiti, nikajiona nimempeleka mama yangu shule.

Nilichosahau ni desturi ya Mtafiti. Hakutumia maneno ya mtu kabla hajarudi kumsomea mwenyewe, ana kwa ana, naye akakubali kwa saini. Ndiyo maana mama alikuwa amekaa pale na pini mdomoni, akitambulishwa kwa mwanamke asiyemfahamu.

Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Sindano ikiacha uzi kila inapopita," alisema polepole, "hiyo nguo mteja atairudisha." Akanitazama. Nadhani aliniona kama nilivyokuwa safarini, nimefungwa mgongoni. "Lakini ndiyo. Nilisema mimi."

Akatia saini.

Mtafiti alipoondoka, nilijaribu mzaha. "Mama, umefaulu mtihani kuliko mimi."

Hakucheka. Alikuwa anatunga uzi. "Nguo uliyonishonea ni nzuri, Kasuku. Ila hukunipima."

Wiki tatu baadaye Mtafiti aliingia dukani anang'aa kama sahani mpya. Sentensi ile ya sindano ilikuwa imepanda ngazi: kutoka ukurasa wa ndani hadi kichwa cha sura, kutoka kichwa cha sura hadi jalada. Jumatatu angesimama mbele ya watahini wake, na rekodi zote angewakabidhi wasikilize wakitaka.

"Mama yako amenipa jina la kazi yangu," alisema. "Chapa jalada."

Nikaweka vidole kwenye kibodi. Kwa mara ya kwanza maishani, vidole na mdomo vikagoma siku moja. Ningekaa kimya, nisingepoteza kitu. Yeye angepoteza yote, tena mbele za watu, na saini ya mama ikiwa chini.

"Dada, ile sindano ni yangu."

Akaketi juu ya maboksi ya karatasi. "Miaka minne," alisema, akijiambia mwenyewe. Kisha: "Iweke rekodi."

Tukasikiliza pamoja, yeye sikio moja, mimi moja. Swali. Cherehani ikasimama. Safari hii sikuruka mbele. Gurudumu lilizunguka kidogo, bila kushona. Mkasi ukawekwa mezani kwa uangalifu, kama unavyowekwa karibu na mtu aliyelala. Pumzi ikaingia, ikakaa ndani muda mrefu kuliko pumzi inavyopaswa kukaa, ikatoka kwa kukatikakatika. Halafu vifungo.

Sekunde kumi na tisa. Nilikuwa nimeishi na mama miaka kumi na tisa, nikaziruka sekunde hizo zote.

Mtafiti alivua miwani. "Uliona hakujibu?"

"Sasa nimemsikia."

Nilingoja anifukuze. Akanisukumia kinasa sauti. "Rudia rekodi zote. Anza na ya kwanza." Zilikuwa kumi na moja. Nilizirudia kwa siku nne, na nikaandika hata chafya. Jalada likabadilika, likawa na jina la kawaida kabisa, na Jumatatu akapita. Kwenye ukurasa wa shukrani aliandika, baada ya walimu wake: *Na kwa Kasuku, aliyejifunza kunyamaza.* Sijawahi kutaniwa vizuri namna hiyo.

Nakala moja alimletea mama. Mama aliifunga kwenye kipande cha kitambaa kizuri, akaiweka kwenye droo ya mikasi, asikoruhusu mtu kugusa. Jioni moja akaitoa.

"Nisomee nilipo mimi."

Nikasoma swali. Nikafika kwenye mabano: *Kimya, sekunde kumi na tisa.* Nilifungua mdomo kuyatamka, nikaufunga. Nikashusha kitabu mapajani, nikahesabu moyoni, mpaka kumi na tisa. Mama aliacha kushona.

"Hivi vifungo havitatosha," nikasoma.

"Eeh," alisema mama, akaizungusha tena cherehani. "Hapo umenipima."